Shaba na Chumvi: Tarikhi ya Fundi Waya wa Pwani

Mtu atakaye kuijua tarikhi ya ufundi wa umeme wa magari katika pwani yetu hana budi kuanza na hewa kabla ya kuanza na gari, kwa kuwa hewa ilikuwako karne nyingi kabla ya gari, na gari la kwanza lililoshushwa bandarini lilimkuta adui wake amekwisha kuizoea kazi yake juu ya misumari, makufuli, masufuria na njumu za milango. Kusi ivumapo na kuyapasua mawimbi juu ya miamba, hurusha matone madogo mno yasiyoonekana kwa jicho. Maji ya matone hayo hukauka yangali angani, chumvi ikabaki, nayo huchukuliwa na upepo mpaka ndani ya miji, ikatua juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa, na juu ya kila chombo cha madini. Wala chumvi hiyo haikai kavu. Unyevu wa hewa ukifika kadiri ya asilimia 75, chumvi ya bahari huyanywa maji ya hewani mpaka yenyewe ikayeyuka, na katika miji kama Mombasa, Unguja na Dar es Salaam unyevu wa kadiri hiyo ni jambo la usiku mwingi wa mwaka. Ndiyo maana chuma na shaba za pwani hulala katika maji ya chumvi hata katika mwezi usio na tone la mvua.

Waliotutangulia walikuwa na hesabu yao juu ya jambo hili. Mtepe wa Lamu na wa visiwa vya Wabajuni, chombo kilichoendelea kuundwa mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa na mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari wa chuma, na vyombo vya kushonwa vya pwani hii vilikwisha kutajwa na mwandishi wa Kiyunani katika kitabu chake cha safari za Bahari ya Hindi, yapata karne ya kwanza baada ya Masihi. Sidai kwamba kutu ndiyo iliyowafanya washone. Chuma kilikuwa adimu na ghali, na chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapopanda mchangani, kisipasuke. Lakini faida ya kutokuwa na chuma ndani ya maji waliipata, wameitaka au hawakuitaka. Na walipoingia katika majahazi ya misumari, juhudi yao kubwa waliielekeza baina ya ubao na ubao: hapo palitiwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, na tumbo la chombo likapakwa deheni ya chokaa na shahamu, na juu yake pakapakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake aliyewahi kukaa karibu na bandari ya majahazi haisahau. Ubao mzima hauvuji. Kinachovuja ni kiungo.

Ilipofika karne ya 18 Waingereza walilipia gharama kubwa somo lililo jirani na hilo. Mwaka 1761 jeshi lao la maji, lililochoshwa na wadudu wa bahari watoboao mbao, liliivika merikebu ya vita iitwayo Alarm mabamba ya shaba chini yote, likaipeleka katika bahari za West Indies. Merikebu iliporudi na kukaguliwa, shaba ilionekana imefanya kazi yake vizuri, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa, mingine imekwisha kabisa; ila mahali pachache, ambapo karatasi zilizofungiwa mabamba hazikubanduliwa zikabaki baina ya shaba na chuma, msumari ulikuwa mzima kama ulivyopigwa. Karatasi ya kufungia bidhaa imeokoa chuma! Ilikuwa bado miaka karibu 40 kabla ya Alessandro Volta, mwaka 1800, kuwaonyesha watu kwamba madini mawili yasiyo ya jamaa moja yakitiwa ndani ya maji ya chumvi huzaa mkondo wa umeme, mkondo ambao, kama ilivyofahamika baadaye, hulipwa na madini mojawapo kwa kuliwa kwake. Kisha mwaka 1824 Humphry Davy akashauri vipande vya zinki na chuma vifungwe juu ya shaba za merikebu, vipate kuliwa badala ya shaba. Na shaba ikasalimika kweli, ila kwa kuwa haikuliwa tena haikutoa sumu yake ndani ya maji, chaza na magugu wakaota juu yake, na merikebu zikawa nzito. Maarifa yalikuwa sahihi, na jeshi likayaacha.

Umeme wenyewe ulifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya wa simu chini ya maji kutoka Aden mpaka Unguja, na kutoka Unguja mpaka Msumbiji na Durban: uzi wa shaba uliofunikwa kwa gutapercha, utomvu wa miti ya Malaya. Umeme uliopita ndani yake ulikuwa dhaifu, na udhaifu huo ulikuwa wa makusudi. Maana miaka 21 kabla yake, waya wa kwanza wa kuvuka Bahari ya Atlantiki, wa mwaka 1858, uliharibika baada ya majuma machache, na sehemu kubwa ya lawama ilimwangukia Wildman Whitehouse, aliyeushindilia umeme wa takriban volti 2000 kwa kudhani kwamba ujumbe usiosikika yafaa utiwe nguvu. Ilhali William Thomson alikwisha kuunda chombo chenye kioo kidogo kilichoweza kusoma mkondo hafifu mno, naye alisema, na baadaye ikawa hivyo, kwamba dawa ni waya safi, kiungo safi na jicho kali. Tangu siku hizo mafundi wa simu, wa baharini na wa nchi kavu, walikuwa na adabu yao: kiungo hakiachwi wazi, mkono mchafu haukigusi, na kazi haihesabiwi imekwisha mpaka ipimwe.

Fundi wa magari hakuirithi adabu hiyo, kwa sababu hakuihitaji.

Gari lililokuja pwani baina ya vita kuu mbili, na lile lililokuja baada ya 1945, malori ya Bedford, Austin na Morris za maofisa, na Land Rover tangu mwaka 1948, lilikuwa na umeme mchache na wenye nguvu. Betri, dainamo, stata, honi, taa, na njia moja ya moto wa plagi kupitia koili na distributa, kwisha. Katika gereji nyingi za miji yetu mafundi wakuu walikuwa Wahindi na Masingasinga, wengine wao watoto wa watu waliokuja kujenga reli, na chini yao walikuwapo vijana wa Kiswahili na wa bara walioingia kama spana boi, wakaosha vyuma kwa dizeli na kushika taa, mpaka macho yao yakaiba ustadi ambao hakuna mtu aliyewafundisha kwa maneno. Hao ndio walioitwa baadaye mafundi waya. Kijana alijifunza kumenya waya kwa meno, kusokota shaba kwa shaba, kuviringisha tepu nyeusi, na kukwangua kutu ya kijani kwa kisu. Na kama kiungo ni cha betri, humwagia maji ya moto, hukaza kibano, hupaka grisi. Chombo chake cha kupimia kilikuwa balbu ya taa yenye nyaya mbili na ncha mbili.

Si haki kuwacheka. Balbu ya breki ya wati 21 katika gari la volti 12 hunywa karibu ampea 2, na ukinzani wake ikiwaka hauzidi omu 7. Kutu ikiongeza nusu omu, taa itafifia kidogo, na mtu asiyeitazama kwa makini hatajua. Stata hunywa ampea nyingi zaidi ya hizo, na kiungo chake kikiwa kichafu hujishtaki chenyewe kwa kuchemka na kutoa moshi. Hata zile pointi za distributa, zilizofunguka na kufunga maelfu ya mara kwa dakika, zilijikwangua kwa cheche zao wenyewe. Umeme wenye nguvu humsamehe fundi mengi, nao ulimsamehe fundi wetu kwa muda wa miaka 60 na zaidi, hata akaamini kwamba alichokuwa akisamehewa ndiyo kanuni ya kazi.

Mabadiliko yalitoka mbali, tena kwa sababu isiyohusiana nasi. Mji wa Los Angeles ulikuwa ukisongwa na moshi wa magari, na California, kisha Marekani nzima kwa sheria ya mwaka 1970, ikawalazimisha waunda magari wapunguze sumu itokayo katika bomba la moshi. Kabureta, chombo kilichokadiria petroli kwa mvuto wa hewa na matundu ya shaba, haikuweza kupima kwa usahihi uliotakiwa. Kampuni ya Bendix ilikwisha kujaribu kuendesha nozeli za kunyunyizia petroli kwa umeme katika magari machache ya Chrysler ya mwaka 1958, na majaribio yakashindwa kiasi cha kwamba mengi ya magari hayo yalirudishwa kwenye kabureta. Bosch wa Ujerumani wakaupata ujuzi huo, wakauendeleza, na mwaka 1967 Volkswagen ikatoa gari la 1600 lenye kisanduku cha umeme kilichopima hewa ya injini na kuamuru petroli. Mwaka 1976 Volvo ikaongeza sensa ya oksijeni ndani ya bomba la moshi, ambayo ujumbe wake wote ni mchezo wa baina ya volti 0.1 na 0.9, yaani chini ya nguvu ya betri moja ndogo ya tochi. Adabu ya mafundi wa simu ikawa imeingia ndani ya boneti, na mafundi wa magari hawakuambiwa.

Sisi tuliyapata magari hayo yakiwa yamekwisha kutumika. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yao humtaka mwenye gari jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama ambayo huwafanya wengi waone ni heri kuuza na kununua jingine. Upande wetu milango ilifunguka kwa nyakati mbalimbali: Tanzania iliruhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na Kenya ikalegeza mambo ya biashara ya nje mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magari ya mtumba yakaja moja kwa moja kutoka Japani, na mengine yakapitia Dubai, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na jamaa na wabia tangu zama za tende na boriti. Corolla na Sunny za injini ya nozeli zilizofika katika miaka ile zilimkuta fundi akiwa na balbu yake mkononi.

Na tusimame hapa kidogo tukiangalie kiungo kimoja, maana habari yote imo ndani yake. Karibu na mahali maji ya moto yatokapo katika injini kwenda rejeta pana sensa ndogo ya shaba nyeupe au ya njano, yenye soketi ya pini mbili. Kazi yake ni kuiambia kontrol boksi, yaani kile kisanduku cha umeme, joto la maji. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 ukinzani wa sensa hiyo ni baina ya omu 2000 na 3000 penye joto la digrii 20, nao hushuka mpaka omu 300 hivi maji yakifika digrii 80. Kontrol boksi hupeleka volti 5 kwa njia ya waya mmoja, hutazama ni kiasi gani kimebaki, na kwa hesabu hiyo hujua injini ni baridi au ni moto. Mkondo upitao hapo ni wa elfu moja au mbili ya ampea, yaani mara elfu moja chini ya ule unaowasha taa ya breki. Sasa chumvi iingie ndani ya soketi, iote kutu ya kijani kwenye mguu wa pini, na kutu hiyo iongeze ukinzani wa omu 2000, kiasi ambacho kutu kidogo tu yaweza kukileta: injini iliyochemka kwa digrii 80 itahesabiwa kuwa haijawashwa tangu jana. Kontrol boksi, kwa utiifu wake wote, itaamuru petroli ya asubuhi. Sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, itapanda na kushuka, plagi zitaingia masizi meusi, moshi utanuka petroli mbichi, na mwenye gari atakwenda kugombana na watu wa kituo cha mafuta akidai wamemtilia maji. Wala hakuna kilichochemka wala kutoa moshi penye kiungo chenyewe. Umeme dhaifu haushtaki.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kubahatisha. Fundi aliupima waya wa sensa kwa balbu, na balbu, ambayo hata ikiwa ndogo hutaka mkondo mamia ya mara zaidi ya ule wa sensa, ilimjibu uongo, na pengine iliunguza kisanduku alichokuja kukiponya. Alikwangua pini kwa kisu kama alivyofundishwa, akaondoa kutu pamoja na ngozi ya bati iliyopakwa kiwandani ili kuilinda shaba ya ndani, na hewa ya bahari ikairudia pini iliyo uchi kwa bidii zaidi. Au aliikata soketi kabisa akaunga dairekti, akafunga tepu, na tepu ile ikayaweka maji ya chumvi ndani badala ya kuyazuia nje. Fauka ya hayo ukaenea mtindo wa kuosha injini kwa mpira wa maji yenye shindo kubwa ili gari lipate bei njema sokoni, jambo ambalo mimi naliona limeua soketi nyingi kuliko masika yote, kwa kuwa viraka vya mpira vilivyomo ndani ya soketi viliundwa kuzuia mvua na matope, havikuundwa kushindana na maji yatokayo katika pampu.

Lakini lililowapoteza mafundi kuliko yote lilikuwa mafanikio yao. Mtu alibadilisha sensa, gari likapona. Basi ikathibitika kwamba sensa ilikuwa mbovu. Kumbe ili kubadilisha sensa ni lazima soketi ichomolewe na kurudishwa, na kule kuchomoa na kurudisha ndiko kulikokwangua pini na kufungua njia ya umeme, si sensa mpya iliyotoka dukani kwa fedha nyingi. Baada ya majuma kadhaa ugonjwa ulirudi, na hapo ikalaumiwa sensa kwamba ni bandia. Huenda baadhi zilikuwa bandia kweli. Biashara hiyo nayo ipo. Hata hivyo sensa nzima nyingi zimetupwa katika mapipa ya gereji za pwani kwa kosa la soketi zao.

Pana pia aina ya pili ya kutu isiyo na rangi ya kijani, ambayo ilichelewa zaidi kufahamika kwa sababu haionekani. Injini hutetemeka, na pini ya dume ndani ya pini ya jike husogea huku na huku kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele; kila ikisogea hupangusa bati, bati iliyopanguswa huungana na hewa ikawa unga mweusi, na unga huo hukaa papo hapo baina ya madini na madini. Hauhitaji bahari. Gari la Arusha au la Nairobi hupata ugonjwa huu sawasawa na la Tanga, na atakayeitazama pini kwa lenzi ataona alama ndogo nyeusi mahali zilipogusana, basi.

Kilicholeta nuru ni mita, nayo asili yake ni katika ukoo ule ule wa mafundi wa simu. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoshwa na kubeba vyombo vingi vya kupimia nyaya za simu, alibuni mwaka 1923 chombo kimoja kinachopima ampea, volti na omu, ambacho kwa herufi za kwanza za vipimo hivyo kiliitwa Avo. Kwa miaka mingi kilikuwa mali ya mashirika makubwa, si ya fundi wa chini ya mwembe. Lakini mita za tarakimu zilipoanza kuuzwa rahisi madukani, fundi waya akapata kwa mara ya kwanza jicho lisiloonea umeme dhaifu. Kadhalika magari yenyewe yalianza kujieleza. Katika Toyota za miaka ya 1990 kipande cha waya kikiunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, taa ya injini hupepesa kwa hesabu: ikipepesa mara 2, ikatulia, ikapepesa mara 2 tena, hiyo ni 22, habari ya sensa ya joto la maji. Baadaye, kwa amri iliyotoka California na kuenea Marekani yote mwaka 1996, zikaja mashine za kuchomeka chini ya usukani. Hapo pana kitu cha kuangaliwa sana: namba hizo husema kwamba kuna ila katika njia ya sensa, nayo njia ni sensa, na waya, na soketi, na kontrol boksi, ila mwenye haraka husoma neno sensa peke yake, akapiga simu dukani.

Ustadi uliojengeka kutokana na hayo, kwa mafundi walio waangalifu, si mgumu kueleza. Hung'oa kwanza waya hasi wa betri. Hubonyeza ulimi wa soketi na kuivuta soketi yenyewe, si nyaya, kwa upole wa pekee ikiwa gari ni la zamani, maana plastiki iliyopikwa na injini kwa miaka 20 huvunjika kama kaki. Hutazama ndani kwa tochi: kijani ni chumvi na shaba, unga mweupe aghalabu ni wa bati au wa zinki, weusi ni mtetemo au moto. Hupuliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, husugua kwa brashi laini, hurudia, huacha ikauke. Wapo wanaotumia siki, na wengine ukwaju au ndimu, kwa sababu hivyo ndivyo madele ya kahawa na masinia ya shaba yalivyong'arishwa katika nyumba zetu tangu zamani. Na ukweli ni kwamba huondoa kijani mara moja. Lakini dele husuuzwa likafutwa, na pini imo ndani ya tundu ambamo tindikali hujificha, ikaendelea kula usiku kucha. Kwa hiyo anayetumia siki hana ruhusa ya kuitia chumvi, na hana budi kusuuza kwa maji safi, kisha kwa spiriti, kisha kungoja. Baada ya hapo huijaribu pini ya jike kwa pini nyingine ya kiasi chake aone kama inabana. Ikiwa imelegea, hata ingawa inang'aa, haifai. Na mwisho hurudisha waya wa betri, huwasha injini, huitikisa soketi kwa vidole huku akiitazama mita, na tarakimu zikirukaruka anajua kazi bado.

Katika habari ya kupaka kitu kwa kinga, tarikhi ina mzaha wake. Vaselini, iliyopata hataza Marekani mwaka 1872 kwa jina la Robert Chesebrough, imetumika katika ncha za betri kwa vizazi, na kwa betri haina neno. Lakini mafuta yatokanayo na petroliamu huvimbisha aina nyingi za mpira, na mpira wa soketi ukivimba hauzuii maji tena. Grisi nyeupe ya silikoni ilikuja kutokana na vita: kampuni ya Dow Corning, iliyoundwa mwaka 1943, ilianza na dawa ya kuzibia nyaya za plagi za ndege, zilizokuwa zikivujisha umeme katika hewa nyepesi ya juu. Grisi hiyo haipitishi umeme, na wengi huiogopa kwa sababu hiyo, lakini pini zikibanana vizuri huisukuma kando zikagusana, ikabaki pembeni kuzuia hewa na maji. Kiasi kidogo kinatosha. Isipokuwa sensa ya oksijeni: hiyo nyingi zake huvuta hewa safi ya kulinganishia kwa njia ya nyaya na soketi yake, na fundi anayeijaza grisi kwa kuipenda sana huiziba pumzi.

Kuhusu kuunga waya, mabishano hayajaisha. Wazee wa pasi ya risasi wanasema kiungo kisichochomelewa si kiungo. Vijana wa koleo la kubania wanajibu kwamba risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya ikazifanya ngumu, na mtetemo huzikata pale ugumu unapokoma. Mimi nimeona kazi njema za pande zote mbili, na kazi mbaya aghalabu ilitokana na tindikali ya mafundi bati, ambayo huifanya risasi ishike upesi kisha hubaki kuila shaba. Atumiaye risasi na atumie ile yenye ulimbo ndani yake, akiegemeze kiungo mahali pasipotikisika, na wote wawili wavishe juu yake mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani.

Magari ya miaka ile sasa yamefika umri wa miaka 30, na soketi zake mpya si rahisi kupatikana, ndipo ikazaliwa biashara ndogo ndani ya biashara ya vipuri vya mtumba, pale Gerezani katika Dar es Salaam na penginepo: soketi zilizokatwa katika magari yaliyokufa, kila moja na mkia wake wa nyaya. Mnunuzi asiyejua hutazama usafi wa plastiki. Anayejua hutaka mkia mrefu, kwa sababu kutu haikai kwenye pini peke yake. Maji ya chumvi hunywewa na nyuzi za shaba chini ya ganda la waya kama utambi unywavyo mafuta, na mtu huweza kumenya waya ulio mzima kwa nje akakuta nyuzi zimekuwa nyeusi shubiri nzima kutoka kwenye soketi. Hapo fundi hukata, humenya, hutazama, hukata tena, mpaka afikie shaba nyekundu ing'aayo, ndipo aanze kuunga. Na mkia mfupi humwishia kabla hajaifikia.